Shamba la ukoo Kanja: Sheria, mila na njia za kulihifadhi mji unapokaribia

KATIKA miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, juu ya mji wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, lipo soko la Kanja. Soko hilo limezungukwa na mashamba madogo ya kahawa, migomba, makadamia na nyasi za kulisha ng'ombe wa maziwa. Ukipanda zaidi kuelekea msituni, kahawa huyapisha majani chai. Mengi ya mashamba hayo yana historia ndefu kuliko maduka ya soko lenyewe: babu ndiye aliyepanda mikahawa ya kwanza, baba akaichuma na kulipia karo kwa malipo yake, na leo wajukuu ndio wanaoulizwa kama wangependa kuuza kipande kinachopakana na barabara.

Swali hilo huulizwa Kanja kama linavyoulizwa katika kila soko linalopanuka, kuanzia Embu hadi Chuka na Meru. Shamba la familia halipotei kwa siku moja. Huondoka kipande kwa kipande, na mara nyingi si kwa sababu wenyewe hawakulithamini, bali kwa sababu hawakuwahi kuandika walichokubaliana juu yake. Waswahili wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Makala haya yanaeleza mashamba hayo yalivyopata mipaka yake, mambo yanayoyavunja, na njia ambazo sheria za Kenya zimempa mwenye nia ya kuliacha shamba likiwa zima.

Shamba lilivyopata namba

Kabla ya utawala wa Waingereza, walioanzisha kituo chao cha Embu mwaka wa 1906, ardhi ilisimamiwa kwa misingi ya ukoo. Familia haikuwa na shamba moja lililozungushiwa ua. Ilikuwa na vipande kadhaa vilivyotawanyika: kimoja juu kwenye baridi palipostawi migomba na viazi vikuu, kingine chini kwenye joto palipofaa mtama na mbaazi. Kaya ndiyo iliyolima, lakini mzizi wa haki ulikuwa ukoo, na wazee ndio walioijua mipaka. Mugumo, muringa, jiwe au kijito vilitosha kuwa alama.

Zao la kahawa liliibadilisha hali hiyo. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi zao hilo. Katikati ya miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliporuhusiwa kulipanda kwa majaribio, tena chini ya masharti makali. Mtama huvunwa kwa msimu, ilhali mkahawa huishi miongo mingi. Aliyeupanda alitaka uhakika kwamba udongo ulio chini yake ungebaki kuwa wake na wa watoto wake.

Uhakika huo uliletwa na mpango uliotolewa mwaka wa 1954 na afisa wa kilimo Roger Swynnerton. Mpango wa Swynnerton ulikusudia kuvikusanya vipande vilivyotawanyika viwe shamba moja, kulipima, kulisajili kwa jina la mtu, na kumruhusu mwenyewe kupanda mazao ya kuuza. Katika Embu na Meru kazi hiyo ilianza miaka ya 1950 na kuendelea baada ya uhuru wa 1963. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 1963, ndiyo iliyotawala hati hizo kwa karibu nusu karne, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012.

Hivyo ndivyo shamba lilivyopata namba. Hati za eneo hili hutambuliwa kwa maneno "Kagaari/Kanja" yakifuatwa na tarakimu. Namba fupi kwa kawaida ni dalili ya shamba lililosajiliwa mapema, wakati wa upimaji wa kwanza. Namba ndefu mara nyingi ni ya kipande kilichozaliwa baadaye, kwa maana shamba linapogawanywa, namba ya zamani hufungwa katika sajili na kila kipande hupewa mpya. Anayetaka kujua kama shamba la babu bado lipo, kwa hiyo, anaweza kuanza kwa kuuliza kama namba yake ingali wazi.

Lakini usajili ule ulikuwa na kasoro iliyoacha kesi hadi leo. Ulifanyika wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952 na kuondolewa mwaka wa 1960, ambapo wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, na familia nyingi zilikuwa zimehamishiwa katika vijiji vya lazima. Mara nyingi shamba la familia nzima liliandikwa kwa jina la mtu mmoja: kifungua mimba, ami, au ndugu aliyekuwapo siku ya kupimwa. Wajane na mabinti hawakuandikwa kwa kawaida. Jamaa walielewana kwamba aliyeandikwa alikuwa mlinzi tu, lakini maelewano hayo hayakuonekana kwenye hati.

Hesabu ya kugawanya

Kinachovunja shamba kwanza ni hesabu ya urithi. Chukua mfano wa shamba la ekari 8. Likigawanywa kwa watoto 4, kila mmoja hupata ekari 2. Kila mmoja wao akiwa na watoto 4, mjukuu hupata nusu ekari, kabla hata njia ya kupitia haijakatwa. Katika vizazi viwili, shamba lililolisha kaya moja na kusomesha watoto limekuwa viwanja 16, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuilisha kaya.

Hesabu ya pili ni ya ploti. Ekari moja ina futi mraba 43,560. Mikahawa ya aina za zamani, SL 28 na SL 34, ikipandwa kwa nafasi ya futi 9 kwa 9, huingia takriban 540 katika ekari. Ploti ya futi 50 kwa 100, kipimo kinachopendwa na wanunuzi wa viwanja, ni futi mraba 5,000, yaani mahali pa mikahawa 60 hivi. Familia inayouza ploti moja huona kwamba imetoa mistari michache tu ya mikahawa, na kwa hesabu ya mikahawa hilo ni kweli.

Hata hivyo, mnunuzi hataki kipande cha bondeni. Anataka cha mbele, kinachogusa barabara. Ploti za mbele zikishauzwa, sehemu iliyobaki nyuma inahitaji njia mpya ya kuingilia, na njia hiyo hukatwa katika ardhi ya familia. Lori la kubeba kahawa au maziwa haligeuki tena. Maji ya mvua kutoka paa za mabati na ua za saruji huteremka shambani. Mnunuzi wa kwanza humleta wa pili, na bei ya ardhi hupanda kuliko pato lolote la kilimo linavyoweza kulipa.

Pato lenyewe limeyumba kwa miaka mingi. Kenya ilivuna takriban tani 130,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo uliporomoka mwaka wa 1989, bei zikaanguka, na mavuno ya nchi yakashuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Wakulima wengi katika kaunti za Mlima Kenya waliacha kuipalilia mikahawa yao au waliing'oa. Kijana aliyekulia katika miaka hiyo aliliona shamba la kahawa kama kazi isiyo na malipo, na si rahisi kumlaumu anapoisikiliza bei ya ploti kwa makini.

Mji unapofika mpakani

Ngao ya kwanza ya shamba ni Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka wa 1967. Chini yake, ardhi ya kilimo iliyo katika eneo linalodhibitiwa haiwezi kuuzwa, kukodishwa, kuwekwa rehani wala kugawanywa bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi la idhini hutakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe. Bila idhini, sheria hiyo inayahesabu mapatano kuwa batili, na fedha zilizolipwa hudaiwa kama deni. Bodi ina mamlaka ya kukataa mgawanyo unaoelekea kupunguza uzalishaji wa ardhi, au masharti ya mauzo yasiyo ya haki. Imekuwa desturi pia kwa bodi kumtaka mwenye ardhi afike pamoja na mwenzi wake na watoto waliokomaa, na hapo ndipo mauzo ya siri yanapogunduliwa.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba ngao hiyo ina mpaka. Sheria inapofafanua "ardhi ya kilimo" haihesabu ardhi iliyo ndani ya manispaa, mji mdogo au soko, isipokuwa waziri awe ameitangaza katika gazeti rasmi la serikali kuwa ya kilimo. Maana yake ni kwamba mipaka ya mji ikisogezwa, shamba laweza kutoka mikononi mwa bodi bila mkahawa hata mmoja kung'olewa. Runyenjes ilikuwa na baraza lake la manispaa kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, na tangu hapo kaunti zimepewa mamlaka ya kutangaza na kupanga miji chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011. Mwenye shamba karibu na soko anapaswa kujua yuko upande gani wa mstari.

Ngao ya pili ni mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya mwaka wa 2019 huitaka kila kaunti kuwa na mpango wa miaka kumi unaoonyesha wapi ni pa makazi, wapi ni pa biashara na wapi ni pa kilimo. Kubadili shamba kuwa viwanja vya ujenzi kunahitaji kibali cha kaunti. Jirani anayeathirika anaweza kutoa pingamizi na, asiporidhika, kukata rufaa kwa kamati ya kaunti iliyoundwa kwa kazi hiyo. Rasimu za mipango hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Familia inayotaka eneo lake libaki la kilimo ina nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa wakati huo kuliko baada ya tingatinga kufika.

Kuna pia barabara za umma. Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, lakini kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaitaka ilipe fidia ya haki kwa haraka. Fidia humwendea yule anayetambuliwa kuwa na haki juu ya ardhi. Pale ambapo hati ingali kwa jina la babu aliyefariki, wajukuu hujikuta wakianza kesi ya mirathi wakati ambapo jirani zao tayari wamelipwa.

Mwenye shamba angali hai

Mahakama ya Rufaa ilishikilia mwaka wa 1997 kwamba baba aliye hai hawezi kulazimishwa na watoto kugawa ardhi iliyosajiliwa kwa jina lake. Hivyo wakati mzuri wa kulihifadhi shamba ni wakati mwenyewe angali na nguvu na akili timamu, kwa kuwa ndiye mwenye uhuru mkubwa wa kupanga. Ndio wakati ambao wazee wengi huuahirisha, kwa hofu kwamba kuandika wosia ni kuita kifo, au kwamba watoto wakijua mafungu yao watamsahau mzazi.

Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inampa mtu uhuru wa kuandika wosia kuhusu mali yake. Wosia wa maandishi hutakiwa kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Shahidi akiwa mwenyewe ni mrithi katika wosia huo, wahitajika mashahidi wengine wawili, la sivyo fungu lake hubatilika. Wosia wa mdomo, ambao wazee wengi huutegemea, una nguvu tu ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na msemaji akafariki ndani ya miezi mitatu. Maneno ambayo mzee aliyasema katika sherehe ya familia miaka kumi kabla ya kifo chake hayatoshi, hata kama ukoo mzima uliyasikia.

Uhuru huo pia una mpaka. Mtegemezi aliyeachwa bila chochote, awe mke, mwana au binti, anaweza kuiomba mahakama impe fungu linalostahili. Wosia unaomsahau binti aliyeolewa kwa sababu tu ameolewa hukaribisha kesi, na kesi ni mojawapo ya njia za haraka za kulivunja shamba, kwani gharama zake mara nyingi hulipwa kwa kuuza kipande.

Akifa bila wosia

Asipoacha wosia, sheria humgawia. Pale alipoacha mwenzi mmoja na watoto, mwenzi hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote. Haki hiyo ni ya kutumia, si ya kuuza apendavyo: ardhi haiwezi kuuzwa bila idhini ya mahakama. Baada yake, watoto hugawana sawa, wa kiume kwa wa kike. Kuna wilaya za zamani, kama vile Turkana, Samburu na Narok, ambako ardhi ya kilimo iliachiwa mila katika suala hili. Embu na Meru hazimo katika orodha hiyo, kwa hiyo sheria hushinda desturi ya kuwarithisha wana pekee.

Ieleweke pia kwamba tangu siku ya kifo hadi mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, hakuna mrithi mwenye ruhusa ya kuuza hata futi moja. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Hata baada ya barua hizo kutolewa, ardhi haigawanywi hadi mahakama iuthibitishe mgawanyo, jambo ambalo kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Mnunuzi aliyelipa kaka mkubwa kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya wazee, bila barua za mahakama, amenunua kesi. Na familia zinazoacha hati kwa jina la marehemu kwa miaka 20 au 30 zikidhani zinalihifadhi shamba huwa zinaahirisha mgogoro tu: warithi huongezeka na wanaojua historia hupungua.

Amana ya kimila

Je, wale ambao majina yao hayakuandikwa wakati wa upimaji wana haki gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mahakama Kuu ilishikilia kwamba usajili ulizifuta haki za kimila. Msimamo huo ulidhoofika kadiri miaka ilivyopita, na Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi uliofafanua jambo hilo, katika kesi iliyotoka Meru. Ilisema kwamba aliyesajiliwa anaweza kuwa ameishika ardhi kwa amana, yaani kama mlinzi kwa niaba ya wengine, hata kama hati haisemi hivyo, na kwamba si lazima mdai awe anaishi juu ya ardhi hiyo.

Mahakama iliorodhesha mambo ya kuthibitishwa: kwamba kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi; kwamba mdai ni wa familia au ukoo huo; kwamba uhusiano wake si wa mbali mno; kwamba angestahili kusajiliwa kama si mambo fulani yaliyoingilia kati; na kwamba anayedaiwa naye ni wa familia au ukoo huohuo.

Kwa familia za Kanja, uamuzi huo ni upanga wenye makali pande mbili. Unamlinda mjane au binamu aliyeachwa nje ya hati. Wakati huohuo unamaanisha kwamba shamba linaloonekana kuwa la mtu mmoja huenda lina wenyewe wengi wasioandikwa. Uthibitisho ni kumbukumbu: nani alizikwa wapi, nani alipanda mikahawa ipi, nani alikuwa kizuizini wakati wa kupimwa. Kumbukumbu hizo zimo vichwani mwa wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1950, na idadi yao yapungua kila mwaka.

Njia za kuliacha shamba zima

Urithi sawa haulazimishi kuikata ardhi. Warithi wanaweza kugawana haki bila kugawana udongo, na sheria inawapa njia kadhaa.

Ya kwanza ni umiliki wa pamoja kwa mafungu. Warithi wote huandikwa katika hati moja, kila mmoja na fungu lake, na shamba hubaki na namba moja. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mwenye fungu hawezi kulihamisha kwa mtu wa nje bila kibali cha maandishi cha wenzake, ingawa wenzake nao hawaruhusiwi kukinyima bila sababu ya maana. Aina hii isichanganywe na umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo fungu la anayefariki humezwa na walio hai na watoto wake hawapati kitu. Familia ihakikishe hati inaonyesha aina ipi.

Ya pili ni amana ya familia. Marekebisho ya sheria ya wadhamini yaliyopitishwa mwaka wa 2021 yalitambua rasmi amana za aina hiyo. Shamba huhamishiwa wadhamini wanaolisimamia kwa masharti yaliyoandikwa: nani atafaidika, nani ataishi wapi, mapato yatagawanywaje, na ni lini, kama ni lini kabisa, ardhi inaweza kuuzwa. Njia hii hulinda shamba kwa vizazi, lakini yategemea uaminifu wa wadhamini na gharama ya wakili.

Ya tatu ni kampuni ya familia, ambapo watoto hurithi hisa badala ya viwanja. Hufaa shamba kubwa lenye biashara, si la ekari mbili. Ya nne ni ya wastani: kutenga sehemu ndogo ya makazi kwa wote, pengine karibu na barabara, na kuiacha sehemu ya kilimo chini ya hati moja. Wenye kazi mjini hupata mahali pa kujenga na kuzikwa, na anayebaki shambani hulima eneo lenye ukubwa wa maana, akiwalipa wenzake kodi au sehemu ya mavuno.

Nyumba ilibaki, shamba likaisha

Wengine hutarajia kwamba historia yenyewe italiokoa shamba. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria kutangazwa kuwa turathi inayolindwa. Lakini tangazo kama hilo hutolewa kwa nadra na kwa mahali pa umuhimu wa pekee, na huokoa jengo au kaburi kwa urahisi zaidi kuliko shamba linalolimwa.

Mfano mashuhuri uko Nairobi. Kampuni ya Karen Coffee, iliyosimamiwa na mwandishi Mdenmaki Karen Blixen, ilishindwa kuendelea na shamba lake la kahawa chini ya milima ya Ngong likauzwa mwaka wa 1931. Mnunuzi aliligawa kuwa viwanja vya makazi, na hapo ndipo ulipoanza mtaa unaoitwa Karen. Nyumba ilinunuliwa na serikali ya Denmaki miaka ya 1960, ikakabidhiwa Kenya, na tangu mwaka wa 1986 ni jumba la makumbusho. Wageni huiona nyumba na mitambo mikuukuu ya kahawa. Mashamba yenyewe yalikwisha. Shamba hilo lilikuwa la walowezi, na lilitwaliwa kutoka kwa wenyeji kabla ya kuwa lao, lakini funzo lake linahusu kila mkulima: shamba lisilojilipia haliokolewi na jina lake.

Katika Kiambu, maelfu ya ekari za mashamba makubwa ya kahawa zimegeuka miji mipya. Tatu City, karibu na Ruiru, ilipangwa juu ya ekari 5,000 za aina hiyo. Kule aliyeamua alikuwa mwenye kampuni. Kanja, uamuzi umo mezani mwa maelfu ya familia, kila moja na ekari zake chache.

Kwa hiyo uhifadhi huanza na pato. Mikahawa iliyozeeka yaweza kukatwa ichipue upya au kubebeshwa aina zinazostahimili maradhi, kama vile Ruiru 11 iliyotolewa mwaka wa 1985 na Batian ya mwaka wa 2010. Ruiru 11 huweza kupandwa karibukaribu, hadi takriban miti 1,000 kwa ekari, jambo linalofaa shamba lililopungua ukubwa. Makadamia, parachichi, ng'ombe wa maziwa na miti ya mikima mipakani huongeza pato bila kuhitaji ardhi mpya. Na mji wenyewe ni soko: aliye karibu na maduka huuza mboga, mayai na maziwa bila kulipa nauli kubwa.

Mambo ya kufanya mapema

Familia inayotaka kuanza yaweza kufuata utaratibu huu. Kwanza, itafute taarifa rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi ili kujua hati iko kwa jina la nani, na kama kuna rehani au zuio. Pili, iulize katika ofisi ya mipango ya kaunti kama shamba limo ndani ya mpaka wa mji au soko, na mpango wa kaunti unalihesabu kuwa la matumizi gani. Tatu, wazee wahojiwe na maneno yao yaandikwe, pamoja na ramani ya makaburi, miti ya mipaka na njia za zamani. Nne, kikao cha familia kiitwe, mabinti na wajane wakiwemo, na maafikiano yatiwe sahihi. Tano, maafikiano hayo yageuzwe na wakili kuwa wosia, hati ya pamoja au amana, kwa maana kumbukumbu za kikao peke yake hazihamishi ardhi.

Pale mmoja anapoelekea kuuza kwa siri, mwenye haki inayotambuliwa anaweza kumwomba msajili aweke zuio kwenye hati hadi jambo lisikizwe. Migogoro ikishindikana nyumbani, Katiba yenyewe inahimiza jamii kuisuluhisha kwa njia za wenyeji zinazokubalika, na wazee bado huaminiwa katika kazi hiyo, kuanzia vikao vya koo za Embu hadi Njuri Ncheke ya Wameru. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Si kila shamba litabaki, wala si kila anayeuza anakosea. Kuna karo, kuna hospitali, na kuna vijana wasiotaka kulima. Lakini kuuza kipande baada ya familia nzima kuketi na kukubaliana ni tofauti na kugundua kwamba kimeshauzwa. Tofauti hiyo hufanywa na karatasi chache zilizoandikwa wakati mwenye shamba angali hai kuzitia sahihi.